Amplifaya ya zamani inanguruma au kukwaruza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kila mara na wenye amplifaya za nyumbani za miaka ya 1970 hadi 1990, wa Dodoma mjini na wa Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Bahi mpaka Manyoni. Ni mashine nzito zenye transfoma ya kweli ndani, na nyingi zinatupwa au kuharibiwa na matengenezo ya haraka wakati ugonjwa wake ulikuwa waya wa shilingi chache. Ushauri wa hapa ni mmoja: usinunue kipuri wala kushika chuma cha kulehemu kabla hujajua kelele inaingilia wapi. Maswali 15 ya kwanza hayahitaji kulehemu wala kugusa saketi, ila ya 11 hadi 14 yakikutaka ufungue kifuniko, soma la 16 kwanza. Ukifika la 16, lisome lote kabla ya kuendelea na yanayofuata.

## Kuitambua kelele

1. Fundi, amplifaya yangu ina kelele. Nianzie wapi?

Anza kwa kuisikiliza kelele yenyewe, muziki ukiwa umezimwa. Kelele za amplifaya hazifanani, na kila moja ina kwao.

Mngurumo mzito usiokoma, mmmm, unatokana na umeme wa ukutani: ama kapasita za kuchujia umeme zimechoka, ama kuna tatizo la waya au erthi. Ukiwa mkali zaidi, mzzzz, mara nyingi kuna kifaa kingine nyumbani kinachochafua umeme. Sauti ya shhhh isiyobadilika hutoka kwenye transista na rezista za hatua za mwanzo. Mkwaruzo unaotokea ukigusa kinobu au swichi ni uchafu kwenye miguso. Milio ya kupasuka, pa! pa!, isiyo na mpangilio, ni ya transista inayokata roho au lehemu iliyopasuka. Na ile ya putu-putu-putu ya polepole inaonyesha umeme wa ndani hautulii.

Kisha angalia wakati. Inaanza mara tu ukiwasha, au mpaka mashine ipate joto? Iko mchana kutwa au jioni tu? Spika zote mbili au moja? Andika majibu hayo kwenye karatasi. Hata ukiishia kwa fundi, karatasi hiyo itampunguzia nusu ya kazi.

2. Nitajuaje kama shida iko ndani ya amplifaya au nje?

Izime. Chomoa kila kinachoingia nyuma yake: waya wa dekoda, wa deki, wa kompyuta, antena ya redio, kila kitu. Acha waya wa umeme na waya za spika tu. Washa, chagua chanzo ambacho hakina kitu, sikiliza.

Ikinyamaza, amplifaya ni nzima na mkosaji ni mmoja wa uliowachomoa. Rudisha waya mmoja mmoja mpaka kelele irejee. Ikiendelea kunguruma ikiwa peke yake, ihamishie kwenye soketi ya chumba kingine, au bora zaidi kwenye nyumba ya jirani. Ikinyamaza kwa jirani, tatizo ni umeme wa kwako (maswali ya 6 hadi 9). Ikinguruma na huko, ugonjwa uko ndani.

Jaribio hili halina gharama, na watu wengi wanaleta mashine kwa fundi bila kulifanya. Inawashwa mezani kwa fundi, inapiga safi, inarudi nyumbani inanguruma, kisha lawama.

3. Kelele inapanda nikiongeza volyumu. Inamaanisha nini?

Inamaanisha inaingia kabla ya kinobu cha volyumu: kwenye waya za kuingizia, kwenye swichi ya kuchagulia chanzo, au kwenye saketi ya mwanzo inayokuza sauti ndogo ya santuri na deki.

Kelele isiyojali volyumu, yaani iko vilevile kinobu kikiwa sifuri au nusu, inaingia baada ya hapo: kwenye saketi kubwa inayosukuma spika, au kwenye umeme unaoilisha. Kwa jaribio hili moja la sekunde tano umeshagawa mashine vipande viwili na kuacha kimoja. Jaribu pia vinobu vya bezi na trebo. Kama shhhh inapungua ukishusha trebo, chanzo kiko kabla ya saketi ya bezi na trebo.

4. Upande mmoja tu ndio unaolalamika. Nifanye nini?

Badilishana kushoto na kulia, hatua kwa hatua. Zima kwanza kila unapogusa waya za spika, maana waya mbili zikigusana mashine ikiwa imewashwa zinaweza kuchoma transista za mwisho.

Badilisha spika: ya kushoto iende kulia. Kelele ikihama pamoja na spika, spika ndiyo mbovu, pengine kitambaa cha pembeni kimeoza na koili inasugua. Ikibaki upande uleule wa amplifaya, rudisha spika na sasa badilisha waya za kuingizia. Kelele ikihama, iko kwenye waya au kwenye chanzo. Isipohama, upande huo wa amplifaya ndio wenye shida. Hapo una bahati kwa sababu upande mzima uko palepale ndani, na fundi atalinganisha vipimo vya mbovu na vya mzima.

5. Nasikia kuna mngurumo wa aina mbili. Tofauti yake ni ipi?

Umeme wa Tanzania ni volti 230 zinazopinduka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Waya mbovu, erthi au transfoma iliyo karibu na saketi huingiza mngurumo wa hezi 50. Ndani ya amplifaya, rektifaya hukunja nusu ya chini ya wimbi ikawa juu, kwa hiyo kapasita zinazochuja hupokea mapigo 100 kwa sekunde. Zikichoka, utasikia hezi 100, ambazo sikioni ni oktavu moja juu.

Kama sikio linashindwa kutofautisha, zipo programu za bure za simu zinazochora masafa ya sauti. Weka simu mbele ya spika, uone mlima mrefu uko kwenye 50 au 100. Usiuchukulie kama hukumu. Spika ndogo hazitoi 50 vizuri, na mara nyingine yote mawili yapo. Ukijumlisha na majibu ya swali la 2 na la 3, mara nyingi jibu linajitokeza.

## Umeme wa nyumba, erthi na vifaa jirani

6. Inanguruma nikiunganisha televisheni na dekoda tu. Kwa nini?

Kwa sababu umetengeneza kitanzi cha erthi. Amplifaya ina njia yake ya kwenda ardhini. Dekoda nayo ina ya kwake, kupitia waya wa dishi uliofungwa kwenye bomba la chuma juu ya paa au ukutani. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti, erthi mbili zisizolingana zinasukumiana umeme mdogo kupitia ngozi ya waya huo, na amplifaya inaukuza pamoja na muziki.

Thibitisha hivi: dekoda na televisheni zikiwa zimezimwa, chomoa waya wa dishi nyuma ya dekoda, kisha washa. Mngurumo ukikatika, umempata. Tiba ya kwanza ni kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye erthi, badala ya kila kimoja kwenye ukuta wake. Kama haitoshi, nunua kitransfoma kidogo cha kutenganisha sauti kinachowekwa katikati ya waya wa sauti. Televisheni yenye tundu la waya wa mwanga wa sauti inakupa tiba bora kuliko zote: tumia waya huo na kibadilishi chake, kwa kuwa mwanga haupitishi erthi.

7. Rafiki kaniambia nikate mguu wa erthi kwenye plagi, kelele itaisha. Ni kweli?

Kelele inaweza kuisha kweli. Usikate. Waya ule upo ili siku umeme ukivuja kwenye bati la amplifaya upate njia ya kwenda ardhini usipitie kwa mtoto anayekuja kubadilisha wimbo. Mngurumo una tiba nyingine, zote ziko kwenye swali la 6.

Amplifaya zilizotoka kiwandani na waya wa miguu miwili, zenye alama ya mraba ndani ya mraba mgongoni, ni jambo tofauti. Hizo zilijengwa na kinga ya ziada ya kuzuia umeme usivuje na hazikuhitaji erthi. Ziache zilivyo.

8. Nikigusa bati la amplifaya nasikia vidole vinatetemeshwa, na mngurumo unabadilika. Ni hatari?

Lichukulie kuwa hatari mpaka lithibitishwe vinginevyo. Mara nyingi chanzo ni vichujio vilivyomo kwenye televisheni, dekoda na kompyuta, ambavyo huvujisha umeme mdogo sana kwenda kwenye erthi. Erthi ikiwa haipo au ni dhaifu, umeme huo unakosa pa kwenda na bati la kila kilichounganishwa linapanda hadi karibu nusu ya volti 230. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana unakutekenya tu. Lakini vidole haviwezi kutofautisha uvujaji huo na ule wa transfoma ambayo kinga yake ya kuzuia umeme imepasuka.

Huku kwetu jambo hili lina msimu wake. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi ya Dodoma inakauka hasa, na fimbo ya erthi iliyopigwa kwenye udongo mkavu inapoteza nguvu. Mtu anakuambia amplifaya ilikuwa kimya Februari na inanguruma Septemba. Amplifaya haikubadilika, udongo ndio uliobadilika. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aipime erthi kwa kipimo chake, si kwa kuitazama. Anaweza kuongeza fimbo au kuishusha chini zaidi kwenye unyevu. Kumwagilia shimo la erthi wakati wa kiangazi husaidia kwa muda, na ukimwagilia ndoo mbili mngurumo ukapungua, umepata ushahidi wa kumwonyesha fundi huyo.

9. Natumia sola na inveta. Kwa nini inalia mzzzz hata volyumu ikiwa chini?

Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme, zinatoa la ngazi ngazi. Kingo zile kali zinapenya transfoma na kuingia kwenye saketi, na transfoma yenyewe hulia na kupata joto zaidi. Amplifaya ya zamani inastahili inveta ya wimbi safi. Ukiwa Chamwino au kijiji chochote unaitegemea sola kila siku, hapa ndipo pa kuweka pesa kabla ya kubadilisha chochote ndani ya mashine.

Wachafuzi wengine ni chaja za simu za bei rahisi, taa za LED zisizo na kichujio na swichi za kupunguza mwanga. Zima kimoja kimoja uone. Friji hutoa pa! moja kompresa inapowaka au kuzima. Hiyo si kasoro ya amplifaya, ila ukiihamishia mbali na soketi ya friji itapungua.

10. Nimenunua amplifaya ya mtumba kutoka Japani. Naweza kuichomeka tu?

Hapana. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Japani hutumia volti 100, Marekani 120. Ukichomeka ya volti 100 kwenye 230, kama una bahati fyuzi itakatika, na kama huna, transfoma itaondoka na kapasita zake. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti mgongoni: weka 230, au 240 kama ndiyo iliyopo. Zisizo nayo zinahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kama mara moja na nusu ya wati zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Iliyoandikwa hezi 60 pekee, ambazo ni nyingi za Marekani, itanguruma kwa chuma na kupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu hata ukiipa volti sahihi.

11. Mngurumo unatoka kwenye boksi lenyewe, si kwenye spika. Ni kitu gani?

Ni transfoma inayotetemeka. Chomoa spika: kama mlio upo bado, kapasita hazihusiki. Kaza skrubu zinazoishikilia, weka mpira mwembamba chini yake, hakikisha kifuniko hakigongani na bati. Mlio mdogo unaosikika ukiinamisha sikio ni wa kawaida. Ukiwa mkubwa, ukiambatana na joto kali au harufu ya vanishi, zima na usiwashe tena mpaka ipimwe.

## Usafi na miguso

12. Kinobu cha volyumu kinakwaruza. Niweke nini?

Dawa ya kupuliza ya kusafishia miguso ya umeme, ile inayoacha mafuta kidogo. Chomoa mashine, puliza kidogo kupitia kitundu kilicho juu ya volyumu pale miguu yake ilipo, zungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara thelathini hivi, subiri ikauke. Fanya hivyo kwa swichi zote: ya kuchagulia chanzo, ya spika, ya kanda, hata ambazo huzitumii, kwa sababu sauti inapita humo humo.

Usiweke mafuta ya taa, petroli, tina wala mafuta ya cherehani. Yote haya hulainisha kwa siku chache, kisha huvuta vumbi au kula rangi ya kaboni ambayo ndiyo volyumu yenyewe. Ile dawa ya kulegezea nati zenye kutu nayo haifai. Mkwaruzo ukirudi baada ya wiki mbili za usafi mzuri, ama kaboni imelika, ama kuna umeme wa DC (usiopinduka, kama wa betri) unaovuja kupitia kapasita mbovu kabla ya volyumu. Kubadilisha volyumu bila kubadilisha kapasita hiyo ni kazi bure.

13. Vumbi la Dodoma linaweza kuleta kelele?

Vumbi kavu peke yake linaziba matundu na kupandisha joto. Kelele zinaanza mvua za kwanza zikinyesha, Desemba, hewa inaposhika unyevu. Vumbi lililolala kati ya miguu ya vipuri kwa miezi saba linanyonya unyevu huo na kuanza kupitisha umeme. Utasikia kutatarika kwa mbali asubuhi, na mashine ikipata joto kunapotea.

Ondoa kwa brashi laini ya rangi na kipulizio cha mkono, mwezi wa Novemba, kabla ya mvua. Usiende kwenye pampu ya matairi, hewa ile ina maji na mafuta. Na angalia mende. Wanapenda joto la amplifaya, na kinyesi chao hula shaba ya saketi.

14. Upande mmoja hausikiki mpaka nipandishe volyumu sana, halafu unafunguka wenyewe.

Miguso imeshika kutu nyembamba. Sauti ndogo haiwezi kuipenya, kubwa inaipenya. Mtuhumiwa wa kwanza ni rilei ya spika, swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme, ile inayolia tik sekunde chache baada ya kuwasha. Wa pili ni swichi ya kanda. Ikibonyezwa mara nyingi na sauti ikarudi, ni swichi, rudi swali la 12. Rilei ni bora ibadilishwe, na nyingine mpya yenye volti ileile ya koili haina bei kubwa. Kuisugua kwa msasa kunaondoa kutu pamoja na madini yanayoizuia, na baada ya miezi michache hali inakuwa mbaya zaidi.

15. Santuri inanguruma, lakini vyanzo vingine ni safi. Na ule mlio wa ti-ti-tit ni nini?

Santuri ina waya mwembamba wa tatu, wenye kishikio cha umbo la uma, unaofungwa kwenye skrubu ya erthi nyuma ya amplifaya. Umesahauliwa au umekatika. Sauti ya santuri ni ndogo sana, sehemu chache tu za elfu moja za volti, hivyo mngurumo kidogo tu unaimeza. Pia usiweke santuri juu ya amplifaya: transfoma iliyo chini inaingia moja kwa moja kwenye sindano.

Ti-ti-tit ni simu inayowasiliana na mnara kwa mtandao wa 2G, inarusha mapigo 217 kwa sekunde. Sogeza simu mita mbili.

## Ndani ya boksi

16. Nataka kufungua. Nijilinde vipi?

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa waya unaoingia kwenye swichi bado una volti 230. Kisha elewa kwamba kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, mara nyingi volti 35 hadi 50 kwa kila upande, na jumla yake ni mara mbili.

Zitoe umeme kwa rezista ya kilo-om 1, wati 5, iliyofungwa kwenye waya zenye vishikio vya mpira. Kwa kapasita ya mikrofaradi 10,000, shikilia dakika moja nzima. Pima kwa mita mpaka isome chini ya volti 2, ndipo uguse. Kugonganisha miguu kwa bisibisi kunatoa cheche, kunatoboa shaba, na siku moja kutavunja kapasita usoni mwako.

Unapowasha baada ya matengenezo, pitisha umeme kwanza kupitia balbu ya wati 60 au 100 ya zamani, ya waya ndani, iliyounganishwa mfululizo. Ikiwaka kidogo na kufifia, salama. Ikiendelea kuwaka sana, kuna shoti, na balbu imeziokoa transista zako. Balbu ya LED haifanyi kazi hii.

17. Nitajuaje kama kapasita za kuchujia zimekwisha?

Kapasita hizi ni simtanki la amplifaya: umeme unaingia kwa mapigo, zenyewe zinautunza na kuutoa mfululizo. Maji yaliyomo ndani yakikauka zinatunza kidogo, na mapigo yanapita mpaka kwenye spika kama mngurumo wa hezi 100 usiojali volyumu, pande zote mbili.

Kichwa kilichovimba au ute chini yake ni ushahidi tosha. Kichwa kilicho bapa hakithibitishi uzima. Pima volti za AC (umeme unaopinduka) juu ya kapasita mashine ikiwa imewashwa na kimya. Kwa nyingi, kipimo hakifiki volti moja. Ikizidi hapo, zimechoka. Angalizo: mita za bei rahisi huchanganya DC na AC na kukupa namba kubwa ya uongo, au sifuri. Weka kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.1, volti 250, kati ya mita na unachopima, ndipo utaamini.

18. Nibadilishe kapasita zote kwa mpigo?

Sishauri. Kubadilisha vipuri sitini kwa siku moja ni kuingiza nafasi sitini za kukosea, na mashine iliyokuja na mngurumo inaondoka na moshi. Tibu kelele iliyokuleta. Kisha, kama una muda, badilisha za saketi ya umeme, na zile ndogo zilizokaa karibu na rezista zenye joto.

Mpya iwe na volti sawa au zaidi, mikrofaradi sawa au zaidi kwa kama asilimia 20, na nyuzi joto 105 badala ya 85. Kila ukipunguza joto kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita yanakaribia kuongezeka mara mbili, ndiyo maana amplifaya iliyobanwa kwenye kabati la sebuleni haidumu. Iachie nafasi juu. Na usiongeze mikrofaradi mara mbili ukidhani utapata bezi: pigo la kwanza ukiwasha linaweza kuua rektifaya.

19. Upande mmoja unapasuka pa! pa! na kutatarika, hata bila muziki. Nitafute nini?

Vitu vitatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza lehemu. Geuza bodi, washa tochi kwa pembeni, tazama kwa lenzi miguu ya vipuri vinavyopata joto: transista kubwa, rezista za umeme, soketi za waya. Utaona duara jeusi, jembamba kuliko unywele, linalouzunguka mguu katikati ya kilima cha lehemu. Mguu unaonekana umeshika, kumbe unaelea. Lehemu upya kwa risasi mpya kidogo, usiegemee ya zamani pekee.

Pili gundi. Viwanda vya Japani vya miaka ya 1970 na 1980 vilishikilia kapasita kwa gundi ya rangi ya maziwa au njano. Imezeeka ikawa kahawia, na ikiwa kahawia inapitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Nimeiona ikiwa imeugeuza mguu wa dayodi kuwa kijani na kuukata kabisa, mwili wa dayodi ukiwa umesimama kwa gundi tu. Ikwangue taratibu kwa kijiti cha mwanzi, futa kwa spiriti, kagua kila mguu iliougusa.

Tatu transista ndogo za hatua ya mwanzo. Baadhi ya aina zina sifa mbaya ya kuanza kelele uzeeni, 2SC458 ikiwemo. Badilisha jozi nzima, kushoto na kulia, uangalie mpangilio wa miguu maana mbadala mara nyingi hupishana.

20. Nikiigonga kwa kofi inanyamaza. Niendelee kuigonga?

Hapana, ila umeshajua kwamba ni mguso au lehemu. Tumia hilo: mashine ikiwa wazi na imewashwa, mkono mmoja mfukoni, gusa kipuri kimoja kimoja kwa ncha ya kijiti kikavu mpaka upate kinachojibu. Kisha swali la 19, sehemu ya lehemu.

21. Nikiwasha amplifaya, spika inatoa puu, koni inasukumwa nje na kubaki hapo.

Zima sasa hivi na uchomoe spika. Transista ya mwisho imeshoti na inapeleka umeme wa DC moja kwa moja kwenye koili. Sekunde chache zinatosha kuiunguza.

Bila spika, pima volti za DC kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni nzuri, zaidi ya 100 ichunguzwe, volti nzima usiunganishe kitu. Na kama fyuzi imekatika, weka yenye ampea zilezile. Ukiweka karatasi ya sigara au waya mahali pa fyuzi, unaigeuza transfoma kuwa ndiyo fyuzi.

## Vipuri na fundi

22. Kwa nini kipuri kipya kimekufa ndani ya wiki?

Huenda ni bandia. Transista za 2SC5200 na 2SA1943, 2N3055 ya zamani, na vile vipande vikubwa vya STK vya Sanyo vinaigwa sana, na ndani yake mara nyingi kuna kipande kidogo cha silikoni kisichobeba mkondo ulioandikwa. Linganisha na kilichotoka: maandishi yanayofutika kwa kucha, miguu isiyo na unene uleule, uzito mwepesi. Ukiagiza Kariakoo kupitia kondakta au dereva, muombe mwenye duka picha ya pande zote mbili kabla ya kulipa. Kipuri kilichong'olewa kwenye mashine nyingine iliyokufa kwa sababu nyingine mara nyingi ni bora kuliko kipya cha shaka.

Pia angalia kama uliweka grisi ya joto na karatasi ya mika nyuma ya transista. Bila hizo, hata halisi haitoboi.

23. Nimwambie nini fundi nikimpelekea?

Mpe ile karatasi ya swali la 1, na majibu ya la 2, la 3 na la 4. Mwombe akurudishie vipuri alivyotoa. Mwombe pia aiache iwake mezani saa mbili au tatu kabla ya kukukabidhi, kwa kuwa kelele za joto hazitokei ndani ya dakika tano. Fundi anayekubali hayo bila kununa, mshike.

24. Si bora niitupe ninunue sabufa mpya?

Kama transfoma imeungua, na haina nafasi ya kusukwa upya, ndiyo, iuze kwa vipuri. Lakini kwa kelele zote zilizotajwa hapo juu, nyingi zinaponyeka kwa lehemu, usafi na vipuri vichache, na amplifaya iliyopona inaendesha spika kubwa kwa utulivu ambao sabufa nyingi za bei hiyo haziufikii. Sipendi kuona mashine ya kilo 12, iliyonunuliwa na mzee kwa jasho, inakwenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu kwa sababu ya rilei.

25. Nimefanya yote. Nikiweka sikio kwenye spika bado nasikia shhhh kidogo. Imebaki kasoro gani?

Hakuna. Kila transista na rezista ina kelele yake ya asili, na amplifaya ya zamani ina zaidi kidogo. Kaa pale unaposikilizia kila siku, volyumu ikiwa unapoiweka kila siku, muziki ukiwa umesimama. Usipoisikia hapo, funga kifuniko, kaza skrubu zote.